Birika na Kata

Msomaji, ipo kauli moja iliyoenea miongoni mwa watu wafundishao na waandikao programu za kompyuta, nayo husemwa kwa wepesi kama salamu: kumbukumbu ya mashine ni rahisi, usijisumbue nayo. Nimeisikia katika semina za walimu, nimeisoma katika vitabu vya kiada, na mara moja nimeisikia ikitamkwa na kijana wa kidato cha tatu ambaye hajapata kununua hata kipande kimoja cha hiyo kumbukumbu maishani mwake. Nakusudia kuipinga. Naipinga si kwa kuwa ni uongo kila mahali, bali kwa kuwa ni uongo hapa tulipo. Na hata pale ilipo kweli, imewafanya wengi wasiijue kazi ya mikono yao wenyewe.

Tazama kwanza neno lenyewe. Katika lugha yetu kitu rahisi ni kitu cha bei ndogo, na jambo rahisi ni jambo lisilo na ugumu. Wasemao kwamba kumbukumbu ni rahisi huanza na maana ya kwanza wakaishia katika ya pili, wala hawaoni mahali walipovukia. Kwamba bei ya kumbukumbu imeshuka mno tangu siku za kompyuta za kwanza, sibishi. Lakini bei hupimwa kwa mfuko wa mnunuzi. Mimi nafundisha karibu na njia panda ya Kombani, pale ambapo barabara ya kupanda Kwale huachana na ile itokayo Likoni kwenda Ukunda na Lunga Lunga. Pale njia panda utapata viazi vya karai, madafu, mihogo, kadi za simu na tairi za pikipiki. Kumbukumbu ya kompyuta hutapata. Mashine tulizo nazo zilitoka katika ofisi zilizokuwa zimezichoka, kila moja ina gigabaiti mbili, na mtu akitaka kuiongezea hana budi kwenda hadi Mombasa, azunguke maduka ya huko, kisha arudi na jibu kwamba kipande cha aina ile hakitengenezwi tena. Umwambie mtu huyo kwamba kumbukumbu ni rahisi!

Sasa nitakueleza kisa kilichonifanya nishike kalamu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliandika programu katika lugha ya C. Kazi yake ilikuwa kusoma maandishi marefu ya Kiswahili, maneno kama 100,000 hivi, kuyaweka yote katika kumbukumbu, na kumjibu mtu anayeuliza neno fulani limetokea mara ngapi. Kwa maneno machache ya majaribio ilijibu vizuri, darasa likapiga makofi. Kisha mmoja wao akaitungia orodha ya maswali 1,000 ili ijaribiwe yenyewe bila mtu kukaa kwenye kibodi. Maswali ya mwanzo yalijibiwa upesi. Ya katikati yakaanza kukokota miguu. Halafu taa ya diski ikawaka bila kuzimika, mshale wa skrini ukaganda, na mashine haikusikia tena amri ya mtu yeyote hata tukaichomoa kwenye umeme.

Wanafunzi walisema, "Mwalimu, mashine hii ni mbovu." Nami nusura nikubali, maana ndiyo jawabu lililo karibu zaidi na ulimi. Lakini mashine ilikuwa nzima. Hebu tuhesabu pamoja.

Neno lililoandikwa katika programu ni mfuatano wa herufi. Kila herufi ya Kiswahili, katika utaratibu wa kawaida wa leo, huchukua baiti moja, na katika lugha ya C mwisho wa mfuatano hutiwa sifuri moja kuwa alama ya kikomo. Neno "maji", basi, lataka baiti 5. Ili kupata baiti hizo programu humwendea mtunza ghala wa kumbukumbu, ambaye katika lugha ya C huitwa malloc. Mtunza ghala huyu ni mtu wa vitabu na lebo. Hawezi kukupa baiti 5. Katika Linux ya biti 64, pamoja na maktaba yake ya kawaida, kipande kidogo kabisa akatacho ni baiti 32: 8 ni za lebo yake mwenyewe, na 24 ni zako, uzitumie usizitumie. Kwa hiyo "maji" imelala katika baiti 32, na "na" vilevile, na "ya" vilevile. Maneno 100,000 ni baiti 3,200,000. Ongeza baiti 8 kwa kila neno, ambazo ni anwani ya kukumbuka neno lilipowekwa, ndiyo 800,000 nyingine. Jumla ni milioni 4. Na programu ya vijana wangu ilisoma maandishi yote upya kila ilipoulizwa swali, wala haikurudisha hata baiti moja. Maswali 500 yamekula bilioni 2, nayo ndiyo mali yote ya mashine ile. Baada ya hapo mashine ilianza kuazima nafasi katika diski, na diski ya zamani ni mwazimishaji mzito.

Utasema kosa lao ni moja tu, kusahau kurudisha. Ni kweli walisahau. Lakini fikiri wametakiwa wasisahau mara ngapi. Kila neno limeombwa peke yake, kwa hiyo kila neno ni lazima lirudishwe peke yake: mara 100,000 kwa kila swali. Njia impayo mtu nafasi 100,000 za kukosea, kisha imlaumu kwa kukosea, ni njia mbaya, hata ikiwa yafundishwa katika kila chuo duniani.

Njia nyingine ipo, nayo si ngeni kwa mtu aliyekulia pwani. Katika misikiti yetu ya kale lipo birika. Maji hutiwa humo kwa wingi, na kila mwenye haja ya kutawadha huteka kwa kata kadiri yake. Hakuna atumaye mtoto kisimani kwa kila kata ya maji. Basi programu nayo yaweza kufanya hivyo kwa mifuatano yake. Huomba kwa mtunza ghala fungu moja kubwa, tuseme baiti 65,536, na huweka alama mwanzoni mwake. Likija neno "maji", herufi zake hunakiliwa pale penye alama, sifuri yake ikafuata, na alama ikasogea hatua 5. Likija "na", alama husogea hatua 3. Hakuna lebo, hakuna kutafuta, hakuna mabaki. Fungu likikaribia kujaa huombwa jingine likaunganishwa na la kwanza. Kazi ikiisha, hakuna neno lirudishwalo peke yake: alama hurudishwa mwanzo, na birika lote li tayari kwa zamu nyingine.

Tulipoandika upya programu yetu kwa njia hii, tulichukua kwamba kila neno pamoja na sifuri yake ni baiti 7 kwa wastani wa maandishi yale. Maneno 100,000 yakawa baiti 700,000. Badala ya anwani ya baiti 8 tuliandika umbali wa neno kutoka mwanzo wa birika, ambao watosha katika baiti 4. Nao una faida ya pili, kwamba birika likihamishwa mahali pengine ili likuzwe, umbali haubadiliki, lakini anwani zote za kale huwa zaelekeza katika nyumba iliyokwisha kubomolewa. Jumla yetu ilikuwa baiti milioni 1 na laki moja, na ilikuwa hiyo hiyo katika swali la kwanza na katika swali la elfu. Mashine iliyoitwa mbovu ikajibu maswali yote.

Wapo watakaouliza kwa nini nasisitiza mifuatano ya herufi na si vitu vingine. Sababu ni kwamba herufi ni mgeni asiye na makuu. Namba nzima katika mashine hupenda kukaa katika anwani igawanyikayo kwa 4 au kwa 8, na ukiipanga namba baada ya herufi hapana budi kuacha pengo katikati. Herufi hukaa popote. Kadhalika maneno ni mengi, ni mafupi, na aghalabu huzaliwa pamoja na kufa pamoja: maneno ya ukurasa mmoja, ya ujumbe mmoja, ya swali moja. Kitu chenye tabia hizo tatu ndicho hasa mtunza ghala wa kawaida hukihudumia kwa hasara kubwa. Tena vipande vidogo vikiombwa na kurudishwa ovyo huacha matundu huku na huku, kama jamvi la harusi ambalo lina nafasi kumi za kukaa mtu mmoja mmoja, lakini hakuna mahali pa mgeni anayetaka kunyoosha miguu.

Wala hii si hila niliyoibuni mimi Kombani. Brian Kernighan na Dennis Ritchie, katika toleo la pili la kitabu chao cha lugha ya C, mwaka 1988, waliwaonyesha wanafunzi fungu la baiti 10,000 na alama isogeayo, wakalitumia kuwekea mistari ya maandishi itakayopangwa. Apache, seva ya wavuti iliyoanza mwaka 1995, hulipa kila ombi la mgeni birika lake, na ombi likiisha birika humwagwa. Seva ya nginx, ambayo Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004, hufuata njia iyo hiyo. Bila shaka wewe msomaji, kila usomapo gazeti katika simu yako, umekwisha kunywa katika mabirika hayo bila ya kujua.

Sasa niwageukie wapinzani wangu, maana wapo, na baadhi yao ni rafiki zangu.

Wa kwanza husema: mfundishe mtoto Python, lugha ambayo yenyewe hukusanya takataka zake, na habari ya kumbukumbu itakuwa imekwisha. Mimi pia nafundisha Python, na naipenda. Lakini ndani ya Python kuna nini? Tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, kila kitu kidogo hutolewa katika mafungu makubwa yaliyoombwa mapema na kugawanywa sawasawa. Na majina yatumikayo mara nyingi ndani ya programu huwekwa mara moja tu, kila atakaye akaelekezwa pale pale. Kwa maneno mengine, waliotengeneza Python walijua birika, walilijenga kwa uangalifu mkubwa, kisha wakalifunika ili wengine wasisumbuke. Nawashukuru. Lakini rafiki yangu asinitolee kazi yao kuwa ushahidi kwamba kazi hiyo haina haja! Lazima awepo mtu wa kulijenga. Swali langu ni kwa nini mtu huyo asitoke Matuga au Msambweni, na kwa nini sisi walimu tumekwisha kuamua, kabla mtoto hajakaa darasani, kwamba yeye ni wa kuteka tu.

Na jambo hili la kuweka neno mara moja lataka tulitazame zaidi, kwa kuwa ndipo utajiri wa habari ulipo. Mwaka 2014 watunzaji wa lugha ya Java waliingiza utaratibu wa kuondoa nakala za mifuatano, kwa sababu vipimo vyao vilionyesha kwamba katika programu kubwa takriban robo ya kumbukumbu iliyo hai ilishikwa na mifuatano, na karibu nusu ya mifuatano hiyo ilikuwa nakala tupu za nyingine. Lua, lugha iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro huko Brazili mwaka 1993, na ambayo jina lake kwa Kireno ni mwezi, huweka mara moja tu kila mfuatano mfupi usiozidi baiti 40. Hivyo kulinganisha maneno mawili mafupi hakuhitaji kusoma herufi. Hutazamwa tu kama yanaelekeza mahali pamoja. Nawataja Wabrazili kwa makusudi. Hawakungoja kuletewa.

Katika Kiswahili jambo hili lina sura yake. Vijineno vyetu, "na", "ya", "wa", "kwa", hujirudia maelfu ya mara, na kuviweka mara moja ni faida tupu. Lakini kitenzi chetu huvaa viambishi kama bibi arusi avaavyo dhahabu: "alimwambia", "nilimwambia", "atakayemwambia", na kila vazi ni mfuatano mpya. Kwa hiyo mtu anayejenga hazina ya maneno ya Kiswahili hatapata faida ile ile apatayo Mwingereza, na asiyejua kumbukumbu inavyokaa hataelewa ni kwa nini. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike aligundua jambo dogo zaidi. Katika orodha yake jina la jirani zetu, Ng'ombeni, lilitokea mara mbili kama majina mawili. Alinijia akasema, "Mwalimu, mbona Ng'ombeni ziko mbili na kijiji ni kimoja?" Tulipochungulia baiti tuliona kwamba Ng'ombeni ya kwanza iliandikwa kwa kitone kilichonyooka, ambacho ni baiti 1, na jina lote ni baiti 9. Ya pili ilipita katika programu ya kuandikia barua, ambayo kwa kujipendekeza hukipinda kitone. Na kitone kilichopinda ni baiti 3, jina likawa 11. Kwa jicho la mtu ni neno moja. Kwa mashine ni maneno mawili yasiyojuana. Ni nani atakayeshughulikia ng' yetu hii, msomaji, kama si mtu aandikaye ng' kila siku?

Mpinzani wa pili hunitolea ubahili wa wazee. Hukumbusha kwamba waandishi wa programu wa zamani, kwa kubana kumbukumbu, waliandika miaka kwa tarakimu mbili, na ulipokaribia mwaka 2000 dunia ikalazimika kutumia fedha nyingi kusahihisha. Hoja hii ni nzuri na naikubali. Wale walikata sehemu ya maana ili kuokoa nafasi. Birika halikati kitu katika neno. Linaondoa lebo na mapengo tu.

Wa tatu ndiye mwenye nguvu, na sitaki kumpita kwa haraka. Yeye husema kwamba kujijengea birika ni hatari. Mwezi wa Aprili 2014 ilitangazwa kasoro kubwa katika OpenSSL, programu ilindayo siri za mawasiliano katika mtandao, nayo ikaitwa Heartbleed. Mtu wa mbali aliweza kuomba maneno machache na kurudishiwa karibu kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, zikiwa na chochote kilichokuwamo, hata siri za watu. Kasoro yenyewe ilikuwa kutopima urefu ulioombwa. Lakini iligundulika pia kwamba OpenSSL ilikuwa na utaratibu wake wa kuweka kando vipande vilivyokwisha kutumika na kuvitoa tena, na kwa sababu hiyo kinga ambazo mifumo mingine ya uendeshaji ingaliweza kuweka hazikupata nafasi ya kufanya kazi. Maji ya zamu iliyopita yalikuwa bado ndani ya birika.

Sina la kukanusha katika hayo. Naongeza hata lingine: neno moja likihitajika kuishi zaidi ya wenzake, birika zima litasubiri kwa ajili yake, na mtu mvivu atajikuta ameshika megabaiti kadhaa kwa sababu ya jina moja. Naongeza tena kwamba aliyehifadhi anwani ya neno, kisha birika likarudishwa mwanzo, atasoma neno la mtu mwingine akidhani ni lake. Haya yote ni ya kweli. Ila nayatumia kinyume na mpinzani wangu. Yeye husema: ni hatari, basi wasifundishwe. Mimi nasema kwamba hatari hiyo iko tayari ndani ya seva zibebazo fedha zetu na barua zetu, iwe twaijua au hatuijui. Mtoto anayejaza birika kwa sifuri kabla ya zamu ya pili, kwa sababu ameonyeshwa kilichobaki humo, ni mtoto aliyefunzwa ulinzi. Nilifanya hivyo darasani: baada ya zamu ya kwanza nilisoma baiti zilizosalia, na skrini ikaonyesha vipande vya maneno ya mwanafunzi aliyetangulia. Walicheka, kisha wakanyamaza. Hawakuhitaji maelezo marefu.

Nimesema kwamba kauli ninayoipinga ni uongo hapa tulipo. Mashine zetu zilizozeeka ni ushahidi mmoja tu, na baada ya miaka labda zitabadilishwa. Upo ushahidi mwingine usioondoka upesi. Katika miaka ya 1980 Kwale ilikuwa uwanja wa majaribio ya pampu za maji za mkono, na kutokana na majaribio hayo, pamoja na yale ya Malawi, ikatokea pampu iitwayo Afridev. Sifa yake haikuwa nguvu. Sifa yake ilikuwa kwamba wanakijiji wenyewe waliweza kuifungua na kuitengeneza kwa spana moja, na michoro yake haikufichwa na kampuni yoyote. Kisha katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakifanya kazi na watu wa Kenya, walitia katika mikono ya pampu, kwanza Kyuso huko Kitui na baadaye huku Kwale, vyombo vidogo vya kupima mwendo wa mkono na kutuma habari kwa ujumbe wa simu, ili pampu iliyoharibika ijulikane upesi.

Sijui ndani ya vyombo hivyo waandishi walipangaje mifuatano yao, na sitadai kitu. Lakini naijua jamii ya vyombo vidogo. Kipande cha ATmega328, kilichomo katika ubao wa Arduino Uno ambao vijana wengi hujifunzia, kina baiti 2,048 za kumbukumbu ya kazi. Si kilobaiti elfu mbili, ni baiti. Ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160, kila herufi ikiwekwa katika baiti yake, huchukua karibu sehemu ya kumi na tatu ya mali yote, na kumi na mbili zikikaa pamoja zimebaki baiti 128 kwa shughuli nyingine zote. Humo ndani, mtu aombaye na kurudisha mifuatano ovyo huona matundu yakizidi siku baada ya siku, hata chombo kizime bila sababu ionekanayo, na pengine kimefungwa juu ya kisima kilicho mwendo wa saa mbili kutoka barabara ya lami. (Na ole wake akituma jina la Ng'ombeni kwa kitone kilichopinda: alama hiyo haimo katika herufi za kawaida za ujumbe, na nafasi ya ujumbe mzima hushuka kutoka herufi 160 hadi 70.) Wataalamu wa vyombo kama hivi hutenga nafasi zao zote mwanzoni na hawaombi tena. Kwao birika si suala la kupenda.

Vyombo vya namna hii vitazidi kuja pwani yetu, vya maji, vya umeme, vya mashamba. Je, vitakuja vimefungwa, au tutakuwa na watu wa kuvifungua? Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya fedha kupotea katika mashine ambazo wengi waliozinunua hawakuzielewa. Marufuku hayo yaliondoka. Nayakumbusha si kwa kuyasifu, bali kwa kuwa yanaonyesha kiasi cha hasira ya mnunuzi asiyejua alichonunua.

Huku Kenya tumekwisha kununua. Tangu mwaka 2016 vikompyuta viligawiwa katika shule za msingi za umma. Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala ilikubali mafunzo ya kuandika programu yaingie katika shule za msingi na za sekondari. Ni hatua njema, nami nimo miongoni mwa waliofurahi. Ila nikitazama masomo yanayotolewa katika shule nyingi naona watoto wakisogeza vipande vya rangi juu ya skrini, paka akatembea, paka akaruka, na mwisho wa muhula cheti. Paka ana mahali pake kwa mtoto wa miaka minane. Kijana wa kidato cha tatu ambaye bado anamtembeza paka amenyimwa kitu.

Siombi mtaala mpya wala tume. Naomba saa sita katika mwaka mzima. Saa mbili za kuandika mfuatano wa herufi ubaoni, baiti kwa baiti, na sifuri yake. Saa mbili za kujenga birika la baiti 1,000 kwa chaki kabla ya kulijenga kwa mashine, mwanafunzi mmoja akiwa ndiye alama na akisogea hatua kila neno liingiapo. Nimeona hata wale wasiopenda hesabu wakigombania kuwa alama. Saa mbili za kulivunja: kulijaza kupita kiasi, kulisoma baada ya kurudishwa mwanzo, kutafuta Ng'ombeni ya pili.

Na wewe msomaji, kama una mwalimu asemaye kwamba kumbukumbu ni rahisi, usimbishie kwa maneno. Chukua ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili, uandike katika faili, na uandike programu mbili: moja iombe nafasi kwa kila neno, nyingine iwe na birika. Zote mbili zisome ukurasa huo mara 100,000, ya kwanza ikirudisha kila neno kwa uaminifu, ya pili ikirudisha alama mwanzo. Pima muda kwa saa ya mkononi na uandike namba mbili ubaoni kabla mwalimu hajaingia. Haitakugharimu kwenda Mombasa. Mashine yenye gigabaiti mbili yatosha.